Nta ya Kuita Nyuki

Donge lenyewe lilikuwa la rangi ya kahawia, kubwa la kujaza kofia, limefungwa katika kipande cha gunia na kuning'inizwa kwenye boriti ya chumba cha mzee Ireri, mbali na moto, mahali panya wasipofika. Ilikuwa nta ya nyuki tupu. Kwa zaidi ya miaka arobaini mzee alivuna asali, akakamua masega, akayeyusha nta na kuongeza kidogo juu ya donge lile. Na kila mvua ilipokaribia alilishusha, akalipasha joto, akapaka nta ndani ya mizinga mitupu. Nyuki wanaohama wakinusa nta ya wenzao hujua hapa palishakaliwa, nao huingia. Mzinga usiopakwa, alipenda kusema, ni gogo lenye tundu tu.

Mizinga yake ilikuwa tisa, na yote tisa ilikuwa mitupu. Ukame ulikuwa umekaa miaka mitatu katika nyanda hizi za chini za Embu. Ng'ombe walikufa, pojo zikakauka shambani, na nyuki, ambao wana akili kutushinda, wakahama. Krismasi iliyopita mwanawe Salesio alipokuja likizo kutoka mashamba ya maua ya Timau, mzee alimwambia mbele ya Gatwiri, mke wa Salesio, bila kupindapinda: "Mvua ya mwezi wa nne nyuki wakirudi, nitangoja niwaone wakizaa. Wasiporudi, mimi nimemaliza." Haikuwa kauli ya mzee anayetaka kubembelezwa. Baba yake mizinga yake yote ilikataliwa katika mvua moja, akazikwa kabla mtama haujavunwa. Babu yake vivyo hivyo. Katika ukoo ule nyuki ndio walioleta habari ya kifo, kama kwingine bundi.

Gatwiri aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Tuliseme hilo mapema, maana baadaye alijaribu kujisahaulisha.

Yeye hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa kwenye baridi ya Timau, upande wa Meru, akaolewa na Salesio, akaletwa kwenye joto hili amtunze mkwewe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na mguu mmoja haukukunjika tena. Alikuja na kazi yake mkononi. Kabla ya kuolewa alikuwa amepanga chumba Majengo, mjini Meru, ukuta kwa ukuta na mama mmoja aliyetengeneza mishumaa, na hapo ndipo alipojifunza kwamba mshumaa ni nta kwanza, mengine baadaye. Kuna nta nyeupe ya dukani inayotokana na mafuta: hiyo hupatikana kirahisi na hung'aa, lakini ukikosea utambi itatoa moshi mpaka nyumba inuke lori. Kuna nta ya soya, laini kama siagi, isiyoweza kusimama nje ya kikombe; hiyo alimtengenezea shoga yake Winfred wa mtaa wa Dallas kule Embu mjini, aliyewauzia wanawake wanaopenda kuoga mshumaa ukiwaka, Mungu anajua kwa nini. Na kuna nta ya nyuki, malkia wao, inayowaka polepole, haina moshi, inanukia yenyewe. Taabu ya malkia ni kumpata. Kwa hiyo Gatwiri alichanganya. Sehemu tatu nyeupe, sehemu moja ya nyuki, kijiko cha manjano ya kupikia kwa ajili ya rangi, na mteja anaondoka akiisifu nta ya nyuki. Miaka minne hakuna aliyeshtuka.

Mwezi wa pili Ruguru, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alifika uani akakataa kiti.

"Mama Kanana, Pasaka ndio hiyo inakuja," alisema. Kanana ni binti wa Gatwiri, aliyekuwa shule ya bweni. "Ile mishumaa yako ya Krismasi ilituaibisha. Ukuta wa altare ni mweusi, Fatha amepaka rangi mara mbili na bado inaonekana."

"Ilikuwa utambi, mwenyekiti. Si nta."

"Mimi sijui hio maneno ya utambi. Mshumaa wa Pasaka unatakiwa wa nta ya nyuki, ya kweli. Kama huwezi sema sasa tuagize Nairobi. Watu wameshaanza kusema, huyu mtu wa Meru hii kazi ni ya kubahatisha."

Mtu wa Meru. Miaka kumi na miwili ameolewa hapa, amezaa hapa, amechota maji mitaro ya hapa, na bado ni mtu wa Meru. Neno hilo lilimchoma kuliko habari ya ukuta.

"Naweza," alijibu.

Alitafuta kweli. Alikwenda soko la Siakago, akauliza kila mwenye kibanda cha asali, na mmoja akamcheka waziwazi. "Mama, nyuki wenyewe hakuna. Nta itoke wapi, mawinguni?" Alirudi nyumbani jioni na kikapu kitupu, akaingia chumba cha mzee kumpelekea uji, na macho yake yakapanda yenyewe hadi kwenye boriti.

Hakuna anayeamka siku moja amekuwa mwizi. Gatwiri alilizungukia donge lile wiki nzima, na akili ya mtu anayetaka kitu ni wakili hodari. Ilimwambia kwamba nyuki huletwa na mvua na maua, si na nta ya mzee. Kule kwao Timau hakuna anayewapakia nyuki chochote na asali ipo. Ilimwambia kwamba macho yenye mtoto wa jicho hayaoni rangi. Na ilimwambia hili, ambalo ndilo lililomaliza kesi: kama binadamu wenye pua na maneno mengi hawakutambua mchanganyiko wake miaka minne, nyuki ni nani?

Alijua pia kwamba katika nchi ile mwizi wa ng'ombe husamehewa akilipa, lakini anayegusa mizinga ya mtu hana pa kuweka uso. Zamani hakufikishwa hata kwa chifu. Alilijua hilo, akaliweka kando.

Siku ambayo mzee alipelekwa kwa jirani yake Gitari kusikiliza kesi ya mpaka, kazi ya mchana mzima, Gatwiri alilishusha donge. Aliliyeyusha katika sufuria iliyotiwa ndani ya maji moto, akachuja, akaimimina nta ndani ya kipande cha bomba la plastiki la maji alichokwisha kukiziba chini kwa udongo, utambi umenyooshwa katikati. Nyumba nzima ilinuka asali mpaka machozi yakamlenga. Kisha akatengeneza donge la pili. Nta nyeupe, manjano, majani ya chai kidogo ya kuzimisha ule unjano, akachuja tena, akaipoza katika bakuli lenye umbo lilelile. Mwisho akalichovya mara tatu katika kile kidogo kilichobaki cha nta ya mzee, likavaa ngozi ya kweli nje. Akalifunga katika gunia lake la zamani. Alilitazama likining'inia na kusema kweli alijivunia. Ilikuwa kazi safi.

Katikati ya mwezi wa tatu Salesio aliomba ruhusa ya siku mbili, akaja kumpandishia baba yake mizinga. Mzee aliketi kwenye kigoda kando ya makaa, magogo tisa yamelazwa mbele yake, na Gatwiri akamletea donge kwa mikono yake mwenyewe. Mzee alilinusa kwanza, kama alivyofanya kila mwaka, akatabasamu. Halafu akalisogeza kwenye joto, akaanza kupaka.

Kwenye mzinga wa tatu alisimama.

"Leo inayeyuka haraka."

"Ni joto, baba," Gatwiri akasema.

"Joto nalijua. Joto nilizaliwa ndani yake." Alisugua kidole gumba na cha shahada, akanusa tena. Lakini moshi ulikuwa mwingi, na mikono yake yote ilikuwa imeshapakwa ile ngozi ya kweli ya juu, na Salesio alikuwa akimtania kwamba amezeeka mpaka anaogopa nta yake mwenyewe. Mzee akacheka. Akaendelea.

Hapo ndipo pa kusema, na Gatwiri alipajua. Neno lilimfika kooni. Alimtazama mumewe akicheka na baba yake, kitu alichokuwa hajakiona tangu ukame uanze, akalimeza. Kabla ya jua kuchwa mizinga tisa ilikuwa juu ya migunga kando ya mto mkavu, midomo yake ikitazama mashariki.

Jumapili ya Pasaka mshumaa ulisimama kando ya altare ukiwaka mwali ulionyooka, bila uzi wa moshi. Padri aliutaja katika mahubiri. Ruguru alimshika Gatwiri mkono mlangoni, akamshika kwa muda mrefu, akamwita dada. Gatwiri alirudi nyumbani akiimba. Hatuwezi kumnyima ukweli huo: siku ile alifurahi.

Mvua ilikuwa imeshaanza, mvua ya kweli, ya kujaza mito. Migunga ilichanua. Mzee alihamishia kigoda chake nje, akawa anashinda hapo, uso juu, akisikiliza kwa kuwa macho yalikuwa hayamfai. Jumatano baada ya Pasaka waliusikia mvumo wa kundi la kwanza likija kutoka bondeni. Mzee alisimama bila kushika fimbo.

"Wanakuja," alinong'ona. "Mama Kanana, angalia. Niambie wanaingia wapi."

Kundi lilifika kwenye migunga, likazunguka mzinga wa kwanza, likazunguka wa pili. Nyuki wachache walitua mdomoni, wakaingia, wakatoka. Mvumo ukapanda juu, ukavuka mto, ukapotea upande wa kwa Gitari.

"Wanaingia wapi?"

"Wamepita, baba."

"Watakuja wengine," akasema, akakaa.

Walikuja wengine. Wiki tatu walikuja, na kila kundi lilinusa, likapita. Mizinga ya Gitari ilijaa mitano. Ikajaa minane. Nyuki wakaingia hata mtungi wa plastiki uliopasuka aliokuwa ameutupa nyuma ya zizi, mtungi usiojua nta ni nini. Gitari, ambaye ni muungwana, alikoma kupita njia ya kwa mzee Ireri kwa sababu aliona haya kubarikiwa kiasi kile.

Mzee hakulalamika. Asubuhi moja alimwita Gitari, akampa kamba yake ya kupandia mitini na mfuko wake wa ngozi wa kuvunia asali. Gitari alivipokea kwa mikono miwili bila kuuliza, na Gatwiri, aliyekuwa akipepeta mtama wa kununua karibu, alijua vinapokewaje vitu vya mtu anayeaga. Tangu siku hiyo sahani ya mzee ilirudi nusu. Baadaye ikarudi kama ilivyokwenda.

Gatwiri alijaribu kurekebisha kabla ya kukiri, kama tufanyavyo sote. Alimpigia Winfred, akamwomba atafute nta ya nyuki popote Embu, kwa bei yoyote. Ililetwa baada ya siku tatu, kipande kizuri cha kahawia. Alipokikata kwa kisu akakuta ndani ni cheupe. Alikaa chini na kisu mkononi. Mtu fulani mahali fulani alikuwa na akili kama yake. Na hata kingekuwa cha kweli kingefaa nini? Makundi yalikuwa yamekwisha kupita, na hayarudi mpaka mvua ya mwezi wa kumi.

Alipoona mifupa ya mabega ya mzee imeanza kuhesabika, alikwenda. Ilikuwa alasiri. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, mlango wazi. Gatwiri alipiga magoti mlangoni, maana mke wa mwana haingii hivihivi chumbani kwa baba mkwe aliyelala.

"Baba, nyuki hawakukukataa wewe. Ni mimi. Nilichukua nta yako nikatengeneza mshumaa wa kanisa. Ile uliyopaka ni ya dukani."

Mzee akacheka, kicheko chepesi cha mtu asiye na pumzi.

"Mama Kanana. Asante."

"Baba, nasema ukweli."

"Umekuwa mtoto mwema kwangu. Wangu wa kuzaa hangefikiria uongo mzuri hivyo. Lakini usijitwishe dhambi kwa ajili ya mzee. Hii mambo iko kwa ukoo wetu, haikuanza na wewe."

"Si uongo!" Alipaza sauti, jambo asilowahi kufanya mbele yake. Alikimbia jikoni, akarudi na jiko, sufuria, nta nyeupe, manjano, majani ya chai. Akatengeneza pale pale mlangoni, hatua kwa hatua, akimweleza kila anachotia, machozi yakimdondoka. Alipoza kipande kwenye maji, akakiweka katika kiganja cha mzee.

Mzee alikinusa. Akakisugua kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, kama alivyosugua siku ile kando ya makaa. Kidole gumba kikasimama.

Gatwiri aliona. Uso wa mzee ulifunguka kwanza, kama wa mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali, kisha ukajifunga. Alijua. Hapakuwa na shaka hata kidogo kwamba alijua.

"Si hii," mzee akasema.

"Ni hiyo, baba."

"Nimekwambia si hii." Sauti ilikuwa ya chini lakini ngumu. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Salesio?"

"Hapana."

"Basi sikia. Mzee ambaye nyuki wamemkataa anazikwa kwa heshima. Watu wanatoa kofia. Lakini mzee ambaye alishika mafuta ya dukani kwa mkono wake, akanusa, akapaka mizinga tisa, na hakujua? Huyo ni wa kuchekwa na watoto. Huyo miaka yake yote ilikuwa ya bure." Alipumua. "Kwa hiyo si hii."

"Kula basi, baba. Kula tu. Mwezi wa kumi watarudi, nitakutafutia nta hata Tharaka, nitakwenda kwa miguu."

"Kamba nimeshatoa," mzee akasema. "Nikiidai Gitari ataniuliza sababu, na mimi nitamwambia nini?"

Alikirudisha kile kipande katika kiganja cha Gatwiri, akamkunja vidole juu yake kimoja kimoja. Hakumlaani. Gatwiri alingoja laana akiwa bado magotini, alikuwa tayari kuipokea, na haikuja. Mzee aligeukia ukutani.

Alikaa wiki tano zaidi. Daktari wa zahanati alisema ni uzee na kukosa hamu ya chakula. Gatwiri alimpikia kila kitu alichojua kupika, uji wa wimbi, maziwa ya mbuzi, viazi vilivyopondwa na ndizi, na kila siku mzee alimshukuru kwa adabu na kuonja kijiko kimoja. Habari ya nta haikutajwa tena kati yao. Aliaga mwishoni mwa mwezi wa sita, mtama ukiwa bado shambani.

Walikuja watu wengi, wengi kuliko alivyowahi kuona katika mazishi ya kijiji kile. Gitari alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, akasimulia jinsi mzee mwenzake alivyoitwa kama walivyoitwa baba zake, jinsi alivyotoa kamba yake mapema na kujiandaa bila hofu. "Mtu unaweza kudanganya mtu," alisema. "Nyuki huwezi kuwadanganya." Wazee wakaguna kukubali, Ruguru akaguna, na padri naye akainamisha kichwa. Gatwiri alisimama mstari wa mbele, amejifunga leso, akaitikia kwa kichwa pamoja nao.

Jioni, wageni walipopungua, Salesio alimfuata kwenye sufuria za chai. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimshukuru mbele ya dada zake, akasema kila mtu ameona alivyomtunza mzee mpaka siku ya mwisho.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Nilitaka kujua nimlaumu nani. Lakini nimemsikia Gitari, moyo umetulia. Hakuna wa kulaumiwa, mama Kanana. Ama?"

Alingoja jibu, kikombe mkononi.

"Hakuna," Gatwiri akasema, akamjazia chai.